Mama Mkwe Wangu Hafutwi kwa Kitufe

Benedeta Maloba,
Nyuma ya soko la nafaka,
Busia, upande wa Uganda.

Kwa Watengenezaji wa mchezo wa simu uitwao Lea Mwana,
Popote mlipo.

Ndugu Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUZUIA KUFUTWA KWA MAMA MKWE WANGU, MAREHEMU NEKESA, AMBAYE KWA SASA NI WAWILI

Mulembe. Hiyo ni salamu yetu Wasamia, na kwa kuwa sijui huko kwenu ni asubuhi au jioni, pokeeni tu, inafaa saa zote. Mimi na mume wangu Maloba hatujambo, kuku wanataga, mvua ilichelewa lakini imekuja. Natumaini nanyi mnalala vizuri, ingawa kwa haya mliyotufanyia sijui huo usingizi mnautoa wapi.

Waheshimiwa, mimi si mtu wa kulalamika. Mimi nauza dagaa, na muuza dagaa ndiye hulalamikiwa. Tena nawasifu kwa kuuweka mchezo wenu kwa Kiswahili, maana ingekuwa lugha nyingine nisingeingia humo kabisa na leo ningekuwa na amani yangu. Lakini maji yamenifika shingoni. Nimeona niyaandike kwa utaratibu, kwa namba, msije mkasema huyu mama hakueleweka.

1. Kilio. Mchezo wenu unaanza na mtoto mchanga anayelia. Analia kweli kweli, mpaka jirani yangu Mastula alikuja kuuliza nimeletewa mjukuu lini. Chini yake mmeweka kisanduku: "Mpe mtoto jina." Sijui kwenu jina hutolewaje. Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa hukaa wakamtajia majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, na mzee huyo ndiye aliyerudi. Basi nikafanya ilivyo desturi. Nikaandika jina la mama yangu mzazi. Mchezo ukasema ni refu mno. Mtoto analia. Nikaandika la shangazi yangu. Mchezo ukasema limeshachukuliwa. Analia. Nikaandika la bibi yangu, mkasema lina alama isiyoruhusiwa. Banange! Kwa kuchoka tu nikaandika Nekesa. Kimya. Tena akacheka.

Nekesa alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Maloba. Ni mwanamke aliyenifundisha kusonga ugali nilipoolewa, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kusema umeiva. Wazee wote hao wamelala huko, na aliyeamua kuja kwangu ni yeye, tena ndani ya simu niliyonunua kwa dagaa wangu mwenyewe. Ningefanyaje? Mzee akibisha hodi humwambii rudi. Nikakaa chini, nikaanza kumwogesha mama mkwe wangu na kumfundisha kushika kijiko, na sitawaficha, siku za mwanzo nilifurahi kupita kiasi.

2. Kitanda. Katika mchezo wenu siku ya mtoto haihifadhiwi mpaka mtoto alale. Asipofika kitandani mwake, siku hiyo ni kama haikuwepo. Waheshimiwa, mmewahi kulaza mtoto nyinyi? Nimemlisha uji, nimempeleka shule, ameng'oka jino lake la kwanza, nimempigia vigelegele hapo hapo uani. Kabla sijamfikisha kitandani chaji ikaisha. Kuja kuiwasha simu, jino liko kinywani, limekaa vilevile! Kesho yake likang'oka tena, nikapiga vigelegele tena, maana kosa si la mtoto. Umeme ukakatika. Jino likarudi. Nilipopiga vigelegele vya tatu majirani waliulizana kwa kunong'ona kama dagaa wamenipanda kichwani. Jino lile silipendi mpaka leo.

3. Masanduku. Hapa sina ugomvi mkubwa, nasema tu kwa kuwa nimeshashika kalamu. Kila mtoto akitaka kupanda darasa, mnaifunga njia ya shule kwa masanduku, nami niyasukume huku na huku mpaka apite. Sawa, elimu haijawahi kuwa rahisi. Ila pembeni mmeweka kitufe cha "Lipa upite". Yaani mtoto avuke darasa kwa hongo, naye bado yuko la pili! Nikakataa, nikasukuma. Sanduku moja likakwama pembeni likawa haliendi mbele wala nyuma, na papo hapo mchezo wenu ukahifadhi. Lile jino halikustahili kuhifadhiwa, lakini nilipokosea mkakimbilia kulihifadhi kosa langu kama majirani wanavyofanya. Ilibidi mtoto aanze darasa la pili upya, na karo sijui ilikwenda wapi.

4. Laini mbili. Hapa ndipo penye mzizi, naomba mvute viti.

Mimi ni mtu wa Busia. Mtu wa Busia ana laini mbili katika simu moja, ya Uganda na ya Kenya. Nyumbani naongea kwa ya Uganda. Siku za soko najitwika beseni langu navuka upande wa Kenya, na nikishapita geti la mpakani nazima ile nawasha hii, ili gharama zisinimalize. Kila mtu hapa anafanya hivyo, hata wachungaji. Nyinyi tu ndio hamkujua.

Siku ya kwanza kuvuka na Nekesa, alikuwa keshafika darasa la tatu na anajua kufua. Nikashusha beseni, nikawasha laini ya Kenya, nikafungua nimsalimie. Mtoto mchanga! Analia! Nilishikwa na baridi juani. Nikajua papo hapo kilichotokea: mtoto amevushwa mpaka bila karatasi, wamemzuia, wakanipa mwingine. Nikamwachia mwenzangu beseni nikarudi mbio getini, nikamuuliza afisa mmoja kijana mtoto wa ndani ya simu huvuka kwa kibali gani. Akaniuliza umri wake. Nikasema upande ule ana miaka minane, upande huu kazaliwa leo. Akaniambia kwa heshima zote, "Mama, nenda tu ukauze dagaa." Ana adabu yule kijana, hakucheka mpaka nilipompa mgongo.

Sasa nimwache analia? Nikaanza tena na majina. La mama yangu refu, la shangazi limechukuliwa. Nikaandika Nekesa, akanyamaza. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka: kama jina Nekesa limeshachukuliwa na mimi mwenyewe, mbona mmelipokea tena? Jioni nikarudi nyumbani, nikawasha laini ya Uganda, na Nekesa wangu wa darasa la tatu huyu hapa na kitabu chake, ananiuliza habari za kutwa. Nikaelewa kwamba kwa hesabu yenu laini moja ni mzazi mmoja, na mimi sasa ni wazazi wawili. Nikawalea wote.

5. Tabia zao. Msidhani ni mtu mmoja katika picha mbili. Huyu wa Uganda nimemlea jioni, nyumbani, na wenzangu wa umoja wa akina mama kanisani wakichungulia kila mmoja na ushauri wake. Kile kipimo chenu cha adabu kwake kimejaa mpaka juu, cha akili vilevile. Anaamka mapema, anafagia, ukimgusa anasema, "Shikamoo, habari za nyumbani?" Huyu wa Kenya nimemlea sokoni, katikati ya wateja, kwa mandazi. Adabu yake mmeipaka rangi nyekundu, na sibishi. Lakini biashara! Anauza mpaka vitu ambavyo hana. Ukimgusa anashika kiuno anasema, "Sitaki!"

Nami nikawa najiuliza mbona watoto hawa wote wawili nawafahamu. Ni Maloba aliyenijibu. Alikuwa akijifanya hana habari na mchezo, lakini kila asubuhi akipita na mswaki huuliza, "Mama ameamkaje?" Siku moja akachungulia, akamgusa yule wa Uganda, akasalimiwa. Akasema huyo ndiye mama yake hasa, mama wa nyumbani, wa sala na ufagio. Yule mwingine akamtazama kwa mashaka. Maloba ni kifungua mimba, alibaki nyumbani akilinda ng'ombe. Mama yake wa sokoni hakumjua. Aliyemjua huyo ni mdogo wake, Okochi, aliyekuzwa mgongoni mwa mama, akizunguka naye masoko.

6. Ule ujumbe wenu. Waheshimiwa, mwezi uliopita mmeleta toleo jipya, mkaziunganisha laini zote za simu moja. Nilipofungua, niliwakuta Nekesa wangu wamesimama bega kwa bega, mmoja na kitabu, mmoja mkono kiunoni, chini yao kitufe, na juu yao mmeandika: "Tumepata mafaili mawili yenye jina moja. Chagua la kuhifadhi. Lingine litafutwa kabisa."

Litafutwa kabisa!

Ngojeni niwaeleze mmekanyaga wapi. Mama mkwe alipofariki, Maloba alisema atazikwa Lumino, huku Uganda, kando ya mume wake, kwa kuwa mke hulala alipo mumewe. Okochi akasema atazikwa upande wa Kenya, alikozaliwa, na ambako yeye Okochi alimuuguza mpaka siku ya mwisho. Waligombana mwili ukiwa ndani. Maloba ndiye mkubwa, akashinda. Okochi alitupa udongo wake akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na kwetu kuondoka msibani kabla ya chakula ni kubaya kuliko kutukana. Tangu siku ile hakukanyaga kwetu. Nyumba zao zinatazamana ng'ambo na ng'ambo, ukipika huku yeye anasikia harufu kule, lakini ndugu wa tumbo moja walikuwa wakipeana habari kupitia kwangu na beseni langu. Mmoja huniambia nimwambie mwenzake kwamba paa lake linavuja. Nimebeba maneno yao kwa muda mrefu na hakuna aliyewahi kunisaidia kulishusha beseni.

Sasa nyinyi, watu tusiowajua hata kwa sura, mnakuja kuuliza swali lile lile. Uganda au Kenya? Chagua mmoja, mwingine hatakuwepo. Mnatutaka tumzike mara ya pili, tena kwa kidole!

Maloba akasema hakuna mjadala, abaki wa Uganda. Mimi nikasema thubutu. Jambo la mama haliamuliwi na mwana mmoja. Nikamtuma mtu wa boda avuke akamwite Okochi, na kwa kuwa sikutaka kueleza mambo ya simu kwa mtu wa boda, nikasema tu kwamba ni habari za mama. Okochi akaja amevaa suti ya msiba, jasho linamtoka, akasimama mlangoni hataki kuingia. Nikamletea simu pale pale. Akamgusa yule wa Kenya, akajibiwa, "Sitaki!" Waheshimiwa, mtu mzima yule aliketi chini kizingitini. Akasema hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimjibu mteja anayepunguza bei. Akamgusa tena, na tena.

Basi akakataa katakata wa Kenya afutwe. Na Maloba akakataa wa Uganda afutwe. Tulipo ndipo hapo.

7. Gharama za ulinzi. Tangu siku hiyo simu yangu iko ndani ya kabati la vyombo, imechomekwa chaji, ujumbe wenu ukiwa wazi, kwa sababu tunaogopa tukifunga itachagua yenyewe. Wauzaji wangu wa ziwani hawanipati, naazima simu ya Mastula, naye amechoka kuitwa Benedeta. Na kwa kuwa Okochi hamwamini Maloba kuwa peke yake na kile kitufe, na Maloba hamwamini Okochi, wamewekeana sheria: hakuna kulifungua kabati bila ndugu wote wawili kuwepo. Maana yake nini? Maana yake Okochi anavuka kila asubuhi, anakaa kwangu kutwa kulinda, anarudi kwake jioni baada ya kabati kufungwa mbele ya macho yake. Nalisha watu wazima wawili wasiofanya kazi. Wanakula, halafu wanatazamana, halafu mmoja anasema ugali haujaiva. Mama yao mtupu!

Na kelele. Mmoja anaanza kusimulia mama alivyomfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, mwenzake anasema hukuwepo, mimi ndiye nilikuwepo, wanabishana mpaka wanasahau walikuwa wanabishania nini. Juzi Maloba alicheka akapaliwa na chai, Okochi akawa anampigapiga mgongoni. Jana nimewakuta wako juu ya paa la Okochi ng'ambo wanaziba lile tundu, na funguo za kabati wamenining'inizia mimi shingoni kama mlinzi wa benki. Mimi ni mama wa biashara. Nyumba yangu imegeuzwa kijiwe, na mwenye kosa ni nyinyi.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kwanza, mtoto ahifadhiwe kila anapopiga hatua, si mpaka alale, na jino likishang'oka liheshimiwe. Pili, mtupe nafasi mbili, kila Nekesa na yake, na kitufe kile mkiondoe. Tatu, kama nafasi mbili haziwezekani, basi jengeni njia ndani ya mchezo, Nekesa hawa wakutane wenyewe wazungumze, waamue nani amwachie mwenzake, maana akina mama wakikaa wawili hawashindwi neno. Nne, kama na hilo limewashinda, mtume mwakilishi wenu hapa Busia, mtu mzima, mwenye familia, aje akibonyeze yeye mwenyewe mbele ya ukoo. Aje na mbuzi. Aje na majibu, faili lililofutwa huzikwa wapi, upande gani, na nani atahudumia wageni. Akishabonyeza akae msibani siku zote zinazotakiwa, na nawaomba sana mumwonye mapema kwamba asithubutu kuondoka kabla ya chakula. Tano, akikosa kuja, tutahesabu kwamba msiba ni wenu, na tutakuja kulia huko kwenu na basi zima la akina mama wa kanisa, wakiwa na ngoma, na hao nawafahamu, hawanyamazi kwa jina lolote.

Naamini mtalifanyia kazi haraka, kwa sababu nyumba yangu haiwezi kuendelea hivi hata wiki moja zaidi.

Wasalimieni wake zenu, waume zenu, na wazee wenu kama bado mnao. Msalimieni yule aliyekitunga kile kilio, mwambieni ana kipaji na Mungu amsamehe. Mastula anawasalimu na anauliza lini atarudishiwa simu yake. Mpwa wangu Damalie, anayenipigia barua hii chapa, anasema niwe mfupi, namwambia nimekuwa mfupi. Maloba anawasalimu kutoka upande wa kulia wa kabati, na Okochi kutoka upande wa kushoto.

Ni mimi ninayesubiri jibu lenu nikiwa na funguo shingoni,

Benedeta Maloba,
mke wa Maloba, mkwe wa Nekesa, na mlezi wa Nekesa wawili.

N.B. Waheshimiwa, barua hii msiisome. Au isomeni, lakini msifanye lolote.

Leo mchana Damalie alikuwa tayari kuituma, simu ikalia kabatini. Tukaenda sote, nikafungua. Mmeandika: "Toleo jipya lipo. Sasa unaweza kuhifadhi mafaili yote mawili." Chini yake vitufe viwili, "Sasisha sasa" na "Baadaye". Nikapiga kigelegele. Nilipogeuka nikakuta nimekipiga peke yangu.

Okochi aliusoma ule ujumbe. Akasema vizuri, kama wote wawili wamepona basi hakuna tena cha kulinda. Akaanza kutafuta viatu vyake, akasema ngoja avuke kabla geti halijajaa, na akanishukuru mimi kwa chakula, na mimi nikasema asante, na Maloba akawa anatazama ukuta. Sijawahi kusikia nyumba yangu iko kimya namna ile.

Maloba akanyoosha kidole, yeye aliyeapa mbele ya ukoo kwamba hatagusa kitufe chochote. Akabonyeza "Baadaye". Kisha akamwambia ndugu yake, bila kumtazama, kwamba matoleo mapya si ya kuaminika siku za mwanzo, itabidi waendelee kulinda, aje kesho mapema.

Okochi ameviacha viatu, ameketi. Ndugu Waheshimiwa, nawaomba kwa heshima zote mlirudishe huko kwenu hilo toleo lenu.

B.M.